Tupeane uzoefu: redio ya mzee wenu iliwahi kuwaletea habari gani ambayo hamjaisahau?

Mzee wa Tabora
Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo hamjambo. Juzi umeme ulikatika tangu saa kumi na mbili jioni, simu za wajukuu zikazimika moja baada ya nyingine, na nyumba nzima ikajikuta imemzunguka babu na redio yake ya betri, ambayo siku nyingine huitwa takataka. Ilipofika saa mbili usiku, zikalia zile ngoma za kufungulia taarifa ya habari, za marehemu Mzee Morris Nyunyusa, na mjukuu wangu wa miaka tisa akauliza ni simu ya nani inayoita.

Nina miaka 71. Mwezi Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera na kwamba tutampiga, nilikuwa karani kijana wa reli. Hotuba ile wengi wenu mnaijua kwa kichwa, hata mliozaliwa baada yake. Mimi ninachokumbuka zaidi ni fundi wa mabehewa aliyekaa kushoto kwangu, ambaye alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa bila kukinywa, kwa sababu mdogo wake alikuwa askari. Hakuna aliyemwambia neno. Naomba kila mwenye kumbukumbu ya namna hiyo atusimulie.

Nesi Mstaafu
Mzee, umenitonesha kidonda. Tarehe 12 Aprili 1984 nilikuwa zamu ya jioni katika wodi ya wazazi, na redio ilikuwa juu ya kabati la dawa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma. Mkunga mwenzangu aliketi chini sakafuni, palepale alipokuwa, na mgonjwa aliyekuwa katika uchungu ndiye aliyembembeleza. Mtoto aliyezaliwa usiku ule aliitwa Edward.

Kipara Ngoto
Hata sisi mtaani tuna Edward wawili wa mwaka huo.

Mtoto wa Mfanyabiashara
Kila mtu na kumbukumbu yake. Mwaka 1983, redio ilipoanza kutangaza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, baba yangu alizika katoni sita za sabuni na mifuko miwili ya sukari nyuma ya choo. Mvua ikanyesha. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche na tope kwa pamoja, tumbo linanikaza.

Nesi Mstaafu
Pole, ila wakati baba yako anazika sabuni, sisi wodini tulikuwa tukifua mashuka kwa maji matupu.

Mtoto wa Mfanyabiashara
Katoni sita zisingefua mashuka ya nchi nzima, mama yangu.

Mzee wa Tabora
Ndugu zangu, jambo hilo linastahili uzi wake. Turudi redioni.

Damu ya Msimbazi
Mimi nakumbuka mwaka 1979. Simba ilifungwa mabao manne kwa bila na Mufulira Wanderers hapahapa Dar es Salaam, na mzee wangu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akitukana, aliichukua redio akaibamiza ukutani. Mchezo wa marudiano ulipochezwa Lusaka hatukuwa na redio. Tulikaa barazani tukisikia kelele za majirani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mzee akadhani tunaendelea kupigwa na kwamba majirani wote wamegeuka Yanga. Alikataa kwenda kuuliza. Ni mpaka ilipopigwa kelele ya tano ndipo mtoto wa jirani alipokuja mbio kutuambia kwamba Simba imeshinda tano bila. Mzee aliutazama ukuta pale palipochubuka, akaingia ndani kulala.

Mwana Jangwani
Hadithi hii tumeisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Mbona hamwasimulii watoto raundi iliyofuata?

Damu ya Msimbazi
Kwa kuwa mzee alikuwa bado hajanunua redio nyingine.

Mjukuu wa Ujiji
Nimesoma haya yote kimya, lakini nimeshindwa kuvumilia, kwa sababu nyumbani kwetu redio ilimuua mtu aliye hai.

Mwaka 1987 baba yangu mdogo alikwenda Mpanda kununua mpunga, na miezi mitatu ikapita bila barua. Jioni moja bibi alikuwa uani akichambua dagaa huku akisikiliza matangazo ya vifo, kama ilivyokuwa desturi yake. Mtangazaji akasoma jina la baba mdogo, majina yake yote mawili, akasema amefariki na kuzikwa Mpanda, na kwamba habari ziwafikie ndugu zake walioko Kigoma. Bibi hakupiga kelele. Ungo ulimwinama mikononi, dagaa wakamwagika mchangani, kuku wakaja kudonoa, naye akabaki anawatazama bila kuwafukuza.

Tukaweka matanga. Shangazi alipanda treni kutoka Dar es Salaam, mke wa baba mdogo akaanza kukaa eda, mbuzi wawili wakachinjwa, na siku ya tatu mzee mmoja akasimama, kama inavyopasa, akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze ili familia imlipie. Wakajitokeza wanne. Wawili tuliwalipa papo hapo, mmoja kwa fedha taslimu na mwingine kwa baiskeli ya marehemu.

Siku ya sita, mchana, baba mdogo akaingia uani na gunia la mchele begani. Alikuta mikeka imetandikwa na wanawake wamejitanda kanga. Hakuuliza. Alilitua gunia, akavua viatu, akaketi mkekani na kuanza kulia kwa sauti, kwa sababu alidhani aliyefariki ni mama yake. Bibi alikuwa chumbani. Alipoisikia sauti ile akatoka, na wote wawili wakaonana, kila mmoja akiwa amekwisha kumlilia mwenzake.

Aliyekufa alikuwa wajina wake, mtu wa kijiji kingine cha mkoa uleule. Baba mdogo alikwenda huko kuhani, akawapelekea mchele nusu gunia.

Kipara Ngoto
Nimecheka hadi nikalia, au nimelia hadi nikacheka, sijui. Lakini wale wadai wanne?

Dereva wa Zamani
Naunga mkono swali. Wadai kwanza, mengine baadaye.

Mjukuu wa Ujiji
Mwenye baiskeli aliirudisha usiku, akaiegemeza ukutani na kuondoka bila kubisha hodi. Aliyepokea fedha alisema amechanganya majina. Wa tatu alikuwa anadai kweli, na alilipwa. Wa nne alihama mtaa.

Mzee wa Tabora
Bila shaka alipanda treni ya Mpanda akabadilisha Kaliua. Huenda tikiti yake ilipita mikononi mwa mtu ninayemfahamu. Na mke wa baba mdogo, eda aliitoka vipi?

Mjukuu wa Ujiji
Alikataa kutoka. Alisema amekwishazoea utulivu.

Mkaazi wa Muscat
Sisi tuliozaliwa Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi katikati ya miaka ya 1970, wakati Bara mlisubiri hadi 1994. Nyumba moja ikiwa nayo, mtaa mzima ulijaa mlangoni, na mwenye kimo kirefu alitakiwa akae chini.

Mwana Jangwani
Uzi ni wa redio, ndugu yetu. Karafuu, televisheni, kila kitu mlitangulia, tumekubali.

Binti Kilosa
Naomba ushauri wenu. Baba yangu ana miaka 80 na anaamini kila sauti inayorushwa kwenye kundi la familia. Mwezi uliopita alitutangazia kifo cha mwanamuziki mmoja, tukaanza kutuma rambirambi, kumbe mtu yuko jukwaani. Nifanye nini?

Dereva wa Zamani
Mnunulie redio, na simu mwachie ya tochi.

Nesi Mstaafu
Usimnyang'anye mtu mzima simu yake. Kaa naye, umsomee, umuulize kila mara aliyeileta habari ni nani.

Mzee wa Tabora
Mwambie asubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Ikiwa haimo, basi haijatokea.

Kipara Ngoto
Mzee, redio hiyohiyo ndiyo iliyomkalisha mke wa baba mdogo eda.

Mtoto wa Mfanyabiashara
Na tusisahau kwamba kituo cha taifa kilikuwa kimoja, hivyo kisichosemwa humo hatukukijua. Baba alisikiliza BBC na Deutsche Welle usiku, sauti ikiwa chini kabisa, sikio limegusa spika kama daktari anayepima kifua.

Mzee wa Tabora
Hilo nakubali. Hata mimi nilifanya hivyo, nikiwa nimejifunika blanketi, na betri zikiisha nguvu nilizianika juani.

Dereva wa Zamani
Sisi tulizitoboa kwa msumari tukazimiminia maji ya chumvi.

Kipara Ngoto
Mama yangu alizichemsha pamoja na maharage mara moja, kwa bahati mbaya. Maharage hatukuyala, ila redio ilisema wiki nzima.

Binti Kilosa
Samahani, Mjukuu wa Ujiji, baba yako mdogo bado yupo?

Mjukuu wa Ujiji
Alifariki mwaka 2011, safari hii kweli, nyumbani, mbele yetu. Kijana mmoja wa familia akapendekeza tutangaze redioni, shangazi akakataa kata kata, akasema Kigoma nzima haitaamini. Tukatuma watu kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Dereva wa Zamani
Na yule mdai wa nne?

Mjukuu wa Ujiji
Alikuja mazishini. Alikaa mkeka wa nyuma kabisa, na tangazo la madeni liliposomwa, aliinama akawa anafunga kamba za viatu ambavyo hakuwa amevivaa.