Wanachuo: dansi, taarab, singeli, fleva au kwaya, ipi inafaa saa ipi?

MsuliUsiku (Mlimani, Dar)
Wakuu habari za mihangaiko. UE, mitihani ya mwisho wa semista, hizo zinakaribia na rumu kwetu tumekubaliana tuwe na pleilisti moja ya wote, maana tuko wanne na spika ni moja, sasa kila mtu anavutia kwake, mmoja fleva tu, mwingine singeli kuanzia anapoamka, mi nimekulia nyumba ya redio na zilipendwa. Sitaki orodha ya nyimbo kali za mwezi, hizo zimejaa kila kona. Nataka mtu aniambie muziki huu saa hii unafaa na ule haufai, na aseme kwa nini. Saa zenyewe ni kupiga msuli (kusoma kwa bidii) usiku, asubuhi ya pepa, Jumamosi ya kufua, safari ya kurudi nyumbani, na ile siku mtu ameachwa.

Naanza na msimamo wangu mnipinge: kwa aliyeachwa, dansi la zamani linaiacha bongo fleva mbali. Fleva ya sasa dakika tatu imeisha, hujalia hata ukatosheka. Chukua Zuwena ya Marijani Rajab na Dar International, yule mtu hana haraka kabisa, anamwita huyo Zuwena weee, magitaa yanapokezana taratibu, mpaka unafika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, na mwili umeshaanza kutikisika wenyewe. Unaingia na huzuni unatoka unacheza. Fleva gani inafanya hivyo?

BintiTanga
Kaka MsuliUsiku dansi nalipenda ila hapo nakukatalia. Aliyeachwa hatakiwi kutikisika, anatakiwa kwanza asemewe. Na wa kumsemea ni taarab, tena ya kwetu Tanga, Black Star na Lucky Star, ile waliyoingiza magitaa wakaichangamsha kidogo lakini mashairi yakabaki mashairi. Msikilize bibi yetu Shakila kwenye Macho Yanacheka. Macho yanacheka moyo unalia, mwanachuo gani hajaishi hivyo? Umeachwa jana usiku, asubuhi una presentesheni mbele ya darasa zima, unatabasamu, hakuna anayejua. Mi huo wimbo ndo ulinishika mkono mwaka wa pili, nikawa nausikiliza kwenye hedifoni njiani kwenda darasani.

Ila angalizo, msichanganye na rusha roho, ile taarab ya kisasa ya mipasho. Rusha roho ya Khadija Kopa na wenzie ni ya siku umeshapona na unataka ajue kuwa umepona. Ukiipiga mapema unajiongezea hasira bure na unaishia kumtumia mtu meseji ambayo ukiisoma kesho yake utajuta.

KitaaFlani (Manzese)
Mbona singeli mnaipita kama hamuioni. Jumamosi ya kufua hakuna mjadala, ni singeli, biti iko juu ya 200 kwa dakika, shuka mbili na jinzi tatu zinaisha kabla hujakumbuka kuchoka. Mpige Msaga Sumu, mpige Dulla Makabila, mpige Sholo Mwamba, afu uniambie beseni lina nini ndani.

Na dada BintiTanga nikwambie kitu kwa heshima, singeli ni mtoto wa taarab. Wale wa mwanzo kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani huku uswazi, walikuwa wanachukua kipande cha kinanda cha taarab wanakizungusha na kukikimbiza, juu yake MC anachana. Na mchiriku, ngoma nyingine ya uswazi, nao umo. Kwahiyo ukiisikiliza vizuri ule mlio wa kinanda unaupata mulemule. Wazungu wenyewe walishtuka 2017 ile albamu ya Sounds of Sisso ilivyotolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikapigwa Ulaya huko kama kitu kipya, kumbe Tandale na Manzese watu washaicheza miaka.

BintiTanga
Hapo kwenye kinanda umenifungua masikio kaka yangu, nimeweka moja sasa hivi nimeusikia. Kwa kufua nakubali. Kwa msuli nitakufungia nje.

Komredi254 (Nairobi)
Niaje watu wa Bongo. Asubuhi ya paper mimi nasema Kuliko Jana ya Sauti Sol, ile walifanya na RedFourth Chorus. Ni sauti za watu tu ndizo zimeubeba wimbo, hakuna fujo, na maneno ni ya imani. Unaingia ukumbini kifua kimetulia. Watu wengi huku campus huweka gengetone, ile rap ya mitaa ya Nairobi, wakienda CAT (test ya katikati ya semista) ati wapate nguvu, ile moto ya Lamba Lolo ya Ethic ya 2018, na mimi naipenda sana, lakini hiyo ni ya matatu na ya Ijumaa jioni. Ukiingia exam na moyo unadunda hivyo utasoma swali la kwanza mara tatu.

Na kwa aliyeachwa mbona hamjataja Les Wanyika? Sina Makosa iko kwa kila harusi, kila baa na kila redio hapa Kenya tangu 1979 mpaka leo, na wenye walianza hiyo familia ya kina Wanyika walitoka kwenu Tanga wakaja Nairobi. Hiyo gita ya mwanzo pekee, kabla mtu hajafungua mdomo, imemaliza maneno yote.

MsuliUsiku
Komredi hiyo gita ya Sina Makosa sina la kubishana, inaingia kwenye orodha. Ila kwa maneno, pale jamaa anajitetea kwamba hana kosa, sasa aliyeachwa anataka kusikia utetezi wa nani? Labda ampelekee aliyeacha.

Nirudi kwenye msuli maana ndo kesi kubwa. Mnasomea nini usiku?

akili_na_sikio
Mi nasoma saikolojia, naomba niongee hili kwa kirefu kidogo kwa sababu naona watu wanajiumiza. Ukisoma desa, yaani notsi, kichwa kinayapitisha yale maneno kama vile unajisemea kimyakimya. Sasa ukiweka wimbo wenye maneno unayoyaelewa, maneno ya wimbo yanaingia njia ileile, yanagombania nafasi na yale ya kwenye karatasi. Ndo maana unaweza kumaliza ukurasa mzima ukabaki na kiitikio cha Alikiba na hujui umesoma nini. Kwa kusoma na kukariri, kimya ndo cha kwanza, cha pili muziki usio na mtu anayeimba. Kwa mahesabu au kuchora au kunakili madesa haina shida sana, unaweza ukaweka chochote unachokipenda, hata ukakaa muda mrefu zaidi mezani kwa sababu roho imefurahi.

Kwahiyo mnaosema "mi siwezi kusoma bila fleva", angalia unasoma nini kwanza. Anayesoma sheria na anayepiga hesabu za mitambo hawahitaji kitu kimoja.

udi_na_kanuni (Unguja)
Ahsante kwa hilo, sasa nyinyi nyote mnatafuta piano za YouTube za watu wa mbali wakati bashraf ipo. Bashraf ni ile inayopigwa mwanzo wa taarab kabla mwimbaji hajasimama, ala tupu, fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), udi, zinakwenda pamoja zinarudi. Hakuna neno hata moja. Culture Musical Club wanazo, Nadi Ikhwan Safaa ambao wapo tangu 1905 wanazo, na ukitaka kanuni peke yake imekaa mbele mtafute Rajab Suleiman na Kithara. Mie nasoma nayo usiku baada ya isha mpaka ninapochoka na huwa haichoshi, kwa sababu haipandi ikakushtua wala haishuki ikakulaza. Wenye nafasi wakija Unguja wapite pale Dhow Countries Music Academy, vijana wanafundishwa hizo ala, mtaelewa kwa nini nasema hivi.

Mpige pia udi wa marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, ingawa yeye anaimba, kwahiyo huyo mumuweke wakati wa chai.

altoUDOM (Dodoma)
Bashraf nimeijaribu usiku wa jana, nzuri mno, nimesoma sura nzima ya ikonometriki. Naongeza ya kwetu huku: Hukwe Zawose. Yule mzee wa Kigogo aliyekuwa anafundisha Bagamoyo, akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, alifariki 2003. Ile ilimba yake, ala ya vyuma ya kupiga kwa vidole gumba, ikianza unahisi chumba kimetulia chenyewe. Anaimba ndiyo lakini ni Kigogo, mi sielewi neno, kwahiyo kwa hoja ya ndugu wa saikolojia haigombani na desa. Na familia haijaiacha, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanajiita The Zawose Queens, wametoa albamu yao inaitwa Maisha 2024.

Mgogo_halisi
Altoooo kwako ni ala, kwangu mimi ni mtu anaongea na mimi. Nasikia kila neno. Nikiweka Zawose nafunga desa nampigia bibi simu. Kwa hiyo kila mtu ahesabu lugha zake kwanza, hii haiwezi kuwa pleilisti ya rumu nzima kama kuna Mgogo ndani.

akili_na_sikio
Mgogo_halisi umeieleza vizuri kuliko mimi.

kimya2 
Samahani naingia na kitu tofauti na mlivyoorodhesha. Baba yangu amefariki mwezi uliopita, nilienda kumzika nikarudi chuo kwa sababu ya test. Fleva siwezi kusikiliza, naona kama nawakosea nyumbani. Kimya nacho usiku kinanitesa. Mnanishauri nini?

altoUDOM
Pole sana mpendwa, Mungu ampumzishe mzee na awatie nguvu nyumbani. Mi ni mwanakwaya, nitakwambia tunachofanya sisi tukipata msiba chuoni. Usianze na nyimbo za kusifu zenye kurukaruka hata kama ni za dini, moyo haujafika huko na utajiona una kosa. Anza na kwaya, sauti nyingi pamoja, kwa sababu ukisikia watu wengi wanaimba kitu kimoja unahisi haupo peke yako chumbani. Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ, wale wa Kigali wanaoimba Kiswahili, ndo ya kwanza. Wao wenyewe walipoteza wenzao kwenye ajali ya basi 2011 wakiwa huku kwetu Tanzania, kwahiyo wakiimba juu ya nyumbani kwingine unawaamini. Baadaye, ukiona unaweza, Mkono wa Bwana ya Zabron Singers wa Kahama, hiyo inakuinua kidogokidogo. Na usisikilize peke yako kila siku, njoo kwaya au kaa na rumeti wako hata msiongee.

udi_na_kanuni
Pole sana ndugu yangu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ukiwa ni Muislamu basi kisomo kwanza, usiku weka Qur'ani kwa sauti ndogo, kimya kitaondoka. Muziki utakuja wakati wake.

SikindeDamu
Vijana wangu, mimi nilisoma hapo Mlimani zamani, huwa napita kusoma tu. Kimya2 mwanangu pole. Kuna watu watakupendekezea Kifo ya Remmy Ongala, ni wimbo mkubwa sana, Remmy alizaliwa Kindu kule Kongo akaja akawa wetu kabisa, na alikiita kifo kwa jina lake bila kuzunguka. Lakini huo si wa sasa kwako. Subiri ipite arobaini, ukae na mtu anayekufahamu, muusikilize wote.

MsuliUsiku
Shikamoo mzee wangu. Na kimya2 pole sana, kama uko Mlimani nitumie ujumbe inbox tuje tukae na wewe, siongei kwa kupamba.

SikindeDamu
Marahaba. Sasa kwa lile swali lako la dansi, uko sahihi ila umetaja bendi moja. Weka Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, ilianza 1978, na weka Msondo ambayo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, halafu ikawa JUWATA, halafu OTTU, mjue chama cha wafanyakazi kikibadilika jina na bendi inabadilika. Enzi zetu ukiwa Sikinde huendi Msondo, hata marafiki walinuniana. Sikinde isikilize kwa tungo na mpango wa tarumbeta, kila kitu kimepangwa. Msondo isikilize kwa nguvu ya uwanjani. Wewe mwenye msiba wa mapenzi nenda Sikinde, mwenye furaha ya kupata boom, hela ya mkopo wa chuo, nenda Msondo.

kimya2
Asanteni wote. Kwetu Pazuri nimeisikiliza mara kadhaa leo. Nimelia lakini nimelala. Nitakuja inbox kaka.

KitaaFlani
Pole mwanangu. Tuko pamoja.

mrembo_wa_Kihonda (Morogoro)
Mmeisahau safari! Mi naenda na kurudi Dodoma, tangu SGR, ile treni ya umeme, ianze kufika huko 2024 saa chache tu uko stesheni, kwahiyo pleilisti haitakiwi kuwa ndefu, inatakiwa ifuate njia. Kutoka Dar mpaka Moro mi ni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz tu, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, nyumbani ni nyumbani, mji mmoja ulikuwa na bendi mbili za namna hiyo na watu wanatujua kwa milima tu. Shida ya Mbaraka naiweka treni ikikaribia Moro, inayosema kila mtu analia shida yake, na ukiangalia wenzio kwenye behewa unaona ni kweli. Nikipita Kilosa naingia fleva za Lady Jaydee, Siku Hazigandi, kwa sababu pale nimeshaacha nyumbani nawaza matokeo na nahitaji mtu mwenye msimamo. Dodoma nafikia na Zawose, samahani Mgogo_halisi.

Halafu dauniladi kabisa ukiwa na waifai ya chuo, kuna sehemu njiani mtandao unakata na bando linaishia kuzungusha duara tu.

Mgogo_halisi
Ukifikia na Zawose hapo hapana samahani, karibu sana Dodoma. Bibi atakuja kukupokea mwenyewe.

MsuliUsiku
Rumeti wa singeli kasoma uzi wote, amekubali bashraf ikianza saa tatu usiku spika anakabidhi, ila Jumamosi mpaka adhuhuri ni yake na hakuna kumgusa. udi_na_kanuni, nitajie bashraf tatu za kuanzia, kesho naenda nazo maktaba.

udi_na_kanuni
Usitafute kwa majina, nyingi zimeandikwa Bashraf tu na jina la maqam (ngazi ya sauti zake) mbele. Chukua albamu nzima ya Culture Musical Club, zile ambazo hakuna jina la mwimbaji weka pembeni, hizo ndizo. Ukikwama nitakutumia zangu kwenye flash na mtu anayevuka na boti Ijumaa.