Kura Tatu za Tabora, 1958: Busara au Unyonge?

Mwenyeji wa Tabora: Ndugu wachangiaji, Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa kwetu, kuamua kama chama kishiriki uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake iharibike. Wajumbe wengi walitaka kususia na kuitisha mgomo, lakini Mwalimu Nyerere akawageuza. Gandhi aliokota chumvi Dandi, India, mwaka 1930 akijua anavunja sheria ya Waingereza. Sisi tuliifuata sheria ya mkoloni, na bado tunajiita wapinzani wake. Mtemi wetu Isike wa Unyanyembe naye, Wajerumani walipomzidi, alijilipua kwa baruti, ingawa haikumsaidia mtu.

Mjukuu wa Unyanyembe: Ya kura nitayarudia. Hilo la "haikumsaidia mtu" silimezi. Mtemi aliyewarudisha Wajerumani zaidi ya mara moja kabla boma lake halijaanguka mwaka 1892 hapimwi kwa faida kama gunia la karanga.

Mtu wa Ujiji: Ni Januari 1893, mzee wangu, na hakuna aliyemtukana mtemi. Kinachonikera ni nyinyi watu wa Tabora kusimulia kana kwamba uhuru ulipatikana katika ukumbi mmoja. Mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita walikwenda Mwanza kwa maelfu kulikataa baraza la mseto, lililochanganya Waafrika, Wazungu na Waasia, bila kushika mkuki. Ukinzani wa amani ndio ule.

Mjukuu wa Unyanyembe: Kijana, kusahihisha mwaka si kujibu hoja. Isike angepiga kura ipi?

Mwalimu Mstaafu, Kigoma: Tusimtwishe Isike mzigo wa Gandhi. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mwalimu alikwishazungumza huko New York mwaka 1955, na jirani zetu Kenya walikuwa katika hali ya hatari. Mgomo ungempa gavana kisingizio alichokisubiri cha kukipiga chama marufuku. TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na kura za Wazungu na Waasia, zilizowekwa ili kutubana, zikawapeleka barazani marafiki zetu.

Mwenyeji wa Tabora: Hiyo ni hesabu ya uchaguzi, Mwalimu. Mimi niliuliza juu ya kukinza.

Mtu wa Ujiji: Basi ungemuuliza Zuberi Mtemvu. Aliukasirikia uamuzi ule, akaihama TANU, akaunda chama chake cha ANC (African National Congress). Mbona mgomo wenyewe hakuuitisha?

Mjukuu wa Unyanyembe: Sasa na Mtemvu naye mnamtukana.