Ushauri: mdogo wangu siku ya 17 kwenye mashine ya kupumulia, ukoo unataka tununue kifaa cha kumstua misuli kwa umeme

Mwana wa Uyole

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ICU hapa Mbeya, simu ina asilimia 20, mnivumilie nikikatikia njiani.

Mdogo wangu ana miaka 31, anaendesha bodaboda. Aligongwa na Fuso kwenye mteremko wa Iwambi. Mbavu nne zimevunjika upande wa kulia na pafu likaumia. Kichwa na shingo vilipigwa picha, wakasema viko salama. Siku ya tatu nimonia ikamshika, akawekwa kwenye mashine. Leo homa imekata, anafumbua macho, nikimshika mkono ananibana vidole. Tatizo ni kwamba wakimwachia apumue mwenyewe anafika kama dakika ishirini tu, kifua kinaanza kwenda mbiombio, jasho linamtoka, wanamrudisha. Imeshatokea mara tatu. Daktari anasema mapafu yanaridhisha ila misuli ya kupumulia imelegea kwa kukaa bila kazi, na sasa wanataka kumtoboa kooni.

Kundi la ukoo limechafuka. Binamu yetu wa Dar katuma habari kwamba nje huko wanastua misuli ya kupumulia kwa umeme, mgonjwa anaachana na mashine. Baba mdogo kasoma, kashuka sokoni Mwanjelwa, karudi na jamaa anayeuza kifaa cha kubandika mwilini, nyaya nne, laki sita na nusu. Jamaa anaapa kwamba "kinaamsha mapafu". Baba mdogo ameshaongea na mnunuzi wa ng'ombe. Mama naye anasema mwanaye akitobolewa koo hatazungumza tena, heri huo umeme.

Hicho kitu kipo kweli? Na kwa hicho cha Mwanjelwa, tutoe hela au tukae nayo?

Kiazi cha Isyonje

Pole sana ndugu yangu. Ila laki sita na nusu kwa nyaya nne? Mama yangu anacho hichohicho cha maumivu ya kiuno, tulinunua Kariakoo elfu themanini na tano na betri juu. Mwambie baba mdogo ng'ombe asitoke zizini kwanza.

Nesi wa Zamu

Pole mleta uzi. Nimefanya kazi ICU miaka tisa, si hospitali yenu.

Usibandike kitu chochote cha umeme kwenye kifua au shingo ya mgonjwa aliye ICU bila daktari kujua. Vifaa hivyo vya maumivu karatasi yake yenyewe huwa inakataza mbele ya shingo na kuvusha umeme kifuani, kwa sababu ya moyo. Pia vinavuruga mistari ya moyo kwenye skrini, sisi tunakimbilia hatari isiyokuwepo, au tunaikosa iliyopo.

La kutoboa koo, mwambie mama hivi: bomba la sasa linapita mdomoni katikati ya nyuzi za sauti, ndiyo maana hawezi hata kunong'ona na ndiyo maana anahitaji dawa za kumtuliza. Tundu linawekwa chini ya nyuzi za sauti. Mdomo unabaki huru, dawa za usingizi zinapungua, makohozi yanatolewa kwa urahisi, na akipata nafuu bomba linatolewa na tundu linaziba. Wengi huongea tena. Nimeona mtu aliyetobolewa akirudi wodini kwetu na kilo mbili za maparachichi kutoka Tukuyu, anatutania kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Wewe nenda na maswali. Kila asubuhi dawa ya usingizi inapunguzwa aamke? Kila siku anajaribiwa kupumua mwenyewe, au wanasubiri "apate nguvu"? Anakalishwa? Chakula cha mrija kinatosha? Fosfeti, yale madini ya kwenye damu, imepimwa? Ikishuka, misuli ya kupumulia inalegea hata kama mapafu ni mazima. Uliza kwa adabu, si kwa kurekodi na simu.

Mtumishi Ayoub

Damu ya Yesu ifunike hicho chumba. Leteni jina la kwanza tu, kesho alfajiri tunafunga.

Fizio wa Makambako

Nesi kamaliza kuhusu kifaa cha Mwanjelwa. Mimi nijibu swali la kwanza maana binamu wa Dar hajadanganya, kachanganya tu.

Msuli mkubwa wa kupumulia ni kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo. Unapata amri kupitia mishipa miwili ya fahamu inayotoka shingoni, kulia na kushoto. Mashine ikisukuma hewa yenyewe, kiwambo kinakaa bure, na kinanywea haraka kuliko misuli ya mguu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitazama viwambo vya watu 14 waliokufa ubongo, waliokuwa kwenye mashine kati ya saa 18 na 69. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu. Siku tatu hazijatimia! Mdogo wako ana 17, ingawa yeye walau amekuwa akijaribu kuvuta mwenyewe, na hilo linasaidia.

Wazo la umeme ndipo lilipotokea: kama ubongo hauamrishi, tuamrishe sisi. Kuna mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu karibu na bega la kushoto, una vituo vya umeme ubavuni, unaistua ile mishipa ya fahamu ikiwa jirani, kwa mapigo yanayofuatana na pumzi za mashine. Majibu ya jaribio la wagonjwa 112 walioshindikana kuachishwa mashine yalitoka 2022. Nguvu ya kuvuta pumzi iliongezeka sana kwa waliostuliwa kuliko wengine. Lakini walipohesabu nani kaachana na mashine, ilikuwa 82 kwa mia dhidi ya 74 kwa mia, tofauti ambayo kitaalamu haitoshi kusema ni umeme uliofanya. Kwa hiyo kitu kipo, kinaahidi, hakijamaliza mjadala, na hakiuzwi na mtu anayetembea na begi.

Kuna pia wanaobandika pedi tumboni kustua misuli ya kutolea pumzi na kukohoa. Hicho ndicho kinafanana kwa sura na cha huyo jamaa. Tofauti ni kwamba umeme unapigwa wakati mgonjwa anatoa pumzi, si ovyo. Majaribio yake bado ni madogo.

Kamwene

Samahani mleta uzi, nachomeka langu. Shemeji yangu alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi, huku kwetu Iringa, shingo ikavunjika juu kabisa. Anaishi na mashine nyumbani, umeme ukikatika tunapumulisha kwa mfuko wa mkono kwa zamu. Huo umeme wa kiwambo haumhusu?

Fizio wa Makambako

@Kamwene poleni sana, hiyo kazi ya zamu naijua. Kwa kweli yeye anahusika kuliko mgonjwa wa uzi huu. Ikiwa uti wa mgongo umekatika juu ya pale mishipa ya kiwambo inapoanzia, mishipa yenyewe inaweza kuwa hai ila haipati amri. Yule mcheza sinema wa Superman, Christopher Reeve, aliyeanguka kwenye farasi 1995, aliwekewa nyaya kwenye kiwambo mwaka 2003 huko Cleveland. Marekani waliruhusu kifaa cha namna hiyo kwa wenye uti uliokatika mwaka 2008. Lakini lazima apimwe kwanza kama mishipa inaitikia. Iliyokufa haiitikii hata ukiongeza umeme. Anza kwa kumuuliza daktari wake wa mishipa ya fahamu.

Na si kila anayeshindwa kupumua anafaa. Uingereza walijaribu nyaya hizo kwa wagonjwa 74 wa ule ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli kidogokidogo, majibu yakatoka 2015. Waliowekewa waliishi muda mfupi kuliko wasiowekewa, wastani wa kati miezi 11 dhidi ya 22 na nusu. Umeme si maji ya baraka.

Mtumishi Ayoub

Maji ya baraka yamekukosea nini mkuu?

Mwana wa Uyole

Nimewasoma wote, ndaga fijo, asanteni sana. Nimeuliza: dawa ya usingizi inapunguzwa asubuhi lakini si kila siku, na hajawahi kukalishwa. Fosfeti wamechukua damu leo. Daktari hakukasirika, tena alishangaa nimeyatoa wapi. Sasa baba mdogo ndiye mgumu. Anasema mimi naogopa gharama. Nimwelezeje mzee wa miaka 70?

Bibi Mbozi

Mwanangu, baba mdogo wako si mfugaji? Mwambie kwa lugha ya zizi. Maksai akifungwa kiangazi kizima, mvua zikianza huwezi kumpeleka shamba la heka tatu. Ukimchapa anaruka mara moja, kisha analala chini na jembe. Unamtoa kidogo, unampumzisha, kesho unaongeza, na pumba unampa. Umeme wa Mwanjelwa ni fimbo. Mimi mume wangu walimfanyia hivyo, anapumua mwenyewe robo saa, anarudishwa, jioni tena. Wiki tatu.

Na usimwaibishe mbele ya ukoo. Yeye katafuta dawa, hakutafuta ubaya. Mpe kazi.

Fizio wa Makambako

Bibi kanifunika. Niongeze moja tu: waulize kama wana kile kifaa kidogo cha mazoezi ya kuvuta pumzi, kinafungwa kwenye bomba, mgonjwa anavuta dhidi ya kizuizi kama anayekunywa uji mzito kwa mrija mwembamba. Anavuta mara sita hadi kumi, anapumzika, anarudia mara nne, siku tano kwa wiki. Hakina umeme wala betri. Katika jaribio la Marekani la wagonjwa 69 mwaka 2011, waliofanya zoezi la kweli 71 kwa mia waliachana na mashine, wa zoezi la kuigiza 47 kwa mia. Baada ya kutobolewa koo ndiyo rahisi zaidi kukitumia.

Mwana wa Uyole

Mrejesho, siku ya 26.

Mama alikubali baada ya nesi mmoja wa hapa kumwonyesha mgonjwa aliyetobolewa anakunywa chai. Alitobolewa siku ya 19. Fosfeti ilikuwa chini kweli, wakampa. Siku mbili baadaye wakamkalisha kitandani, akalia, nikalia. Kifaa cha kuvuta pumzi hapa hakikuwepo, fizio wao akawa anamfanyisha kwa kupunguza msaada wa mashine asubuhi na jioni. Baba mdogo nimempa kazi ya kuandika dakika kwenye daftari: 25, 40, 35, saa moja, saa moja na nusu. Siku ile iliyoshuka kutoka 40 hadi 35 alikosa usingizi, nikamwambia hata maksai ana siku zake.

Jana amekaa bila mashine kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Usiku anarudishwa. Leo kaandika kwa mkono unaotetemeka anauliza pikipiki iko wapi. Bado hatujamjibu.

Ng'ombe yupo. Yule jamaa wa kifaa kapiga simu asubuhi, ameshusha hadi laki nne.

Kiazi cha Isyonje

Msubiri wiki nyingine, atafika elfu themanini na tano.