Mzee kapasuliwa aota, sasa anahema na mguu mmoja umevimba

Kijana wa Pangani
Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 68, tulimpeleka India kupasuliwa aota, ule mshipa mkuu ulikuwa umetanuka huku tumboni, wakatoa pale pabovu wakaweka mshipa wa bandia. Ikaenda vizuri tu, karudi na ndege, sasa yuko home Tanga wiki ya tatu toka apasuliwe. Shida imeanza juzi, akitoka chumbani kwenda chooni anahema kama alikuwa anakimbizwa, na leo asubuhi mama kaona mguu wa kushoto umevimba kwenye shavu la mguu kuliko wa kulia. Nasikia damu inaweza kuganda ikaenda mapafuni, lakini mbona aspirini anameza kila siku na mshipa wenyewe mpya kabisa?? Shangazi anasema ni uchovu wa safari, tumchue na mafuta ya nazi.

nesi_wa_zamu
Pole kaka. Kwanza mpelekeni hospitali LEO, sio kesho. Na huo mguu usiguswe, hakuna kuchua, hakuna maji moto. Kama kuna bonge la damu kwenye vena za ndani (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) mkilichua linaweza kubanduka likapanda juu.

Sasa swali lako. Alichotengenezewa mzee ni ateri, damu yake inatoka kwenye moyo inashuka figo, utumbo, miguu. Bonge likianzia pale litaziba huko chini, mguu unakuwa wa baridi, umepauka, unauma vibaya, ila haliendi mapafuni. La mapafuni linatoka kwenye vena za miguu na nyonga, linapanda mpaka moyo upande wa kulia, moyo unalisukuma mapafuni linakwama huko. Kwahiyo daktari anaweza kuwa amefanya kazi safi kabisa na hili bado likatokea. Baada ya operesheni kubwa damu inakuwa rahisi kuganda, mwili unajilinda usivuje, ongeza kulala kitandani, umri, na ndege ya masaa mengi miguu imekunjwa. Na hatari haiishi ukishatolewa nyuzi, inaweza kuendelea hadi miezi mitatu.

Aspirini inafanya kazi zaidi upande wa ateri. Kwa vena peke yake haitoshi, ndio maana wodini wanachomwa vile visindano vya tumboni vya kuzuia damu isigande na wanaamshwa kutembea mapema hata kama wananuna.

Mama Tatu
Nesi kasema kweli. Mama yangu yeye alipasuliwa nyonga, sio aota, ila mwisho ikawa hiyo hiyo, kifua kinachoma akivuta pumzi, moyo unaenda mbio, tukajua nimonia maana alikuwa anakohoa, mpaka alipokohoa damu ndo tukashtuka. Walimpiga CT skani ile ya kuchomwa dawa mshipani ikaonekana. Akaanzishiwa sindano halafu warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, kila mara kupima INR (kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani) iwe kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu hakukatazwa, aliambiwa tu ale kiasi kile kile asibadilishe badilishe. Ila ile michanganyiko ya kitunguu saumu na tangawizi anayoletewa na majirani tuliikataa, watu wakanuna wee, poa tu.

Mtaalamu wa mtaa
Si mkapime D-dimer tu, kile kipimo cha damu cha kutafuta dalili za bonge, maabara nyingi wanayo na bei sio mbaya, ikisoma juu basi ndio hilo bonge

nesi_wa_zamu
@Mtaalamu hapana, kwa mtu aliyetoka kupasuliwa D-dimer inakuwa juu hata kama hana bonge lolote, utapoteza hela na muda. Ultrasaundi ya mguu na CT skani ya kifua ndo majibu. Na kuhema kunaweza kuwa kitu kingine pia, maji kwenye mapafu, moyo, nimonia kweli, kwahiyo acheni kubashiri.

Kijana wa Pangani
Asanteni sana jamani. Gari imepatikana, tunaelekea hospitali ya Bombo sasa hivi. Kuna kitu cha kuwaambia pale?

nesi_wa_zamu
Beba makaratasi yote ya India na dawa zake. Waambie tarehe ya upasuaji mapema kabisa, maana kuna dawa kali za kuyeyusha bonge ambazo kwa kidonda kibichi hivyo zinaweza kumvujisha damu. Kama kule alichomwa heparini (sindano ya kuzuia damu isigande) waambie wapime chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha, kuna watu heparini inazishusha halafu damu inazidi kuganda, na akiwa hivyo hatakiwi kuchomwa tena. Akianza maumivu makali ya tumbo au mgongo ghafla sema hapo hapo, hiyo inaweza kuwa ni ile aota inavuja. Kwenye gari mkalishe, asilale chali kama pumzi inambana, na asipande ngazi mwenyewe mkifika, ombeni kiti cha magurudumu.