Mjadala: Simba ni nani hasa anayesajili? Tuanzie Agosti 2021

Wana Msimbazi wa Simba, Wananchi wa Yanga na wapenzi wote wa soka, nawasalimu. Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunagombana juu ya majina. Huyu jembe, huyu garasa, huyu umri umekwenda. Leo naomba tuyaweke majina pembeni kidogo tujadili jambo moja: ndani ya klabu, ni nani anayeamua nani aingie na nani atoke, na mambo yakiharibika anaulizwa nani? Mimi ni Simba tangu utotoni, na msimamo wangu ni kwamba swali hili halijawahi kupata jibu la wazi kwetu. Naamini limetugharimu sehemu kubwa ya yale mataji manne ya ligi ambayo Yanga wameyabeba mfululizo, kuanzia msimu wa 2021/22 hadi 2024/25.

Nianze na usajili mzuri, maana tunao. Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji ilitutoa Ligi ya Mabingwa hapa hapa Dar kwa sare ya 1-1, baada ya suluhu kule kwao. Aliyetufunga kwa faulo alikuwa Luis Miquissone. Tulitoka uwanjani hatusemeshani. Januari 2020 yule yule akavaa jezi nyekundu. Hakuna aliyehitaji kuletewa video za kuunganishwa. Klabu ilimwona kwa macho, ikaumizwa naye, ikamfuata. Februari 2021 akawafunga Al Ahly ya Misri katika Uwanja wa Mkapa, tukashinda 1-0, na miezi sita baadaye Al Ahly hao hao wakamchukua. Wakati huo huo Clatous Chama, aliyewamaliza Nkana kwa kisigino Desemba 2018 tukaingia makundi, akaenda RS Berkane ya Morocco.

Hapo ndipo wengi wetu husema uongozi ulikosa tamaa ya makubwa. Mimi sikubaliani. Mchezaji akiitwa na Al Ahly, utamwambia nini abaki? Ana familia, ana miaka michache ya kucheza, na kule analipwa fedha ambazo sisi hatuna. Ukimzuia atabaki mwili tu. Mbwana Samatta tulimuuza TP Mazembe mwaka 2011. Mwaka 2015 akabeba ubingwa wa Afrika, akalingana na mchezaji mwingine kileleni kwa mabao, Januari 2016 akawa Genk na Januari 2020 akawa Aston Villa. Nani kati yetu anatamani tungemfungia mlango?

Kilichoniuma ni kilichofuata. Oktoba 2021 tuliwafunga Jwaneng Galaxy 2-0 kwao Botswana, tukarudi nyumbani tukijua kazi imekwisha. Nilikuwa jukwaani siku ya marudiano. Tulitangulia kufunga, halafu wakarudisha moja, la pili, la tatu. Kwa sheria ya bao la ugenini tukatoka. Lile bao la tatu lilipoingia, uwanja ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia wachezaji wao wakiitana kule chini. Mpira ulikuwa unafika katikati halafu hakuna wa kuutuliza na kuinua kichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Chama, na aliyeletwa kuirithi sikumwona.

Si kwamba dirisha lile lilileta wabovu. Henock Inonga alikuwa beki wa kweli, Sadio Kanoute alipambana, na Pape Ousmane Sakho alifunga tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas iliyoshinda tuzo ya CAF ya bao bora la mwaka 2022. Lakini walikuwa wachezaji wa aina nyingine. Dirisha hilo hilo Yanga walimleta Djigui Diarra golini, Djuma Shaban na Yannick Bangala nyuma, Khalid Aucho katikati na Fiston Mayele mbele. Ukiisoma orodha hiyo kuanzia golini kwenda mbele, unaona mtu alikaa chini akaichora timu kabla ya kwenda sokoni. Msimu ule walimaliza ligi bila kupoteza mchezo.

Sasa angalieni sisi tulivyofanya. Januari 2022 tukamrudisha Chama, na kwa kuwa alikwisha kuichezea Berkane, hakuruhusiwa kutuchezea Kombe la Shirikisho msimu ule. Mwaka 2023 tukamrudisha Miquissone, na hakuwa yule aliyeondoka. Julai 2024 mkataba wa Chama ukaisha, akavuka barabara kwenda Jangwani, kwa Yanga. Klabu inayojua inachokitafuta hainunui tena ilichokiuza miezi mitano nyuma.

Halafu makocha. Kati ya Oktoba 2021 na Novemba 2023 benchi letu lilipitiwa na Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda na Robertinho. Yanga muda huo walikuwa na wawili, Nasreddine Nabi na baada yake Miguel Gamondi. Kocha mmoja anataka winga wa kukimbia, anayemfuata anataka viungo watatu, wa tatu anawakuta wote hao na mikataba yao na hamhitaji hata mmoja. Novemba 5, 2023 tukafungwa 5-1 na watani. Robertinho akaondoka ndani ya siku chache. Wachezaji wakabaki, na waliowasajili nao wakabaki.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni tuijadili, hasa nyinyi mnaoona nimekosea.

MWANANCHI WA TANDIKA

Mtani, umeongea kiungwana nami nakujibu kiungwana. Ila hesabu yako ya makocha umeikatia pale panapokufaa. Msimu wa 2024/25 sisi tulianza na Gamondi, Novemba akaja Sead Ramovic, Februari akaondoka kwenda Belouizdad, tukamalizia na Miloud Hamdi. Makocha watatu, msimu mmoja, na Juni 25 tukawafunga 2-0 tukachukua taji. Kama kubadili makocha ndiyo sumu, mbona sisi hatukufa?

Halafu usitupambe kupita kiasi. Mayele alitufikisha fainali ya Shirikisho 2023 akiwa mfungaji bora kwa mabao saba, kisha akaenda Pyramids. Tulimleta Hafiz Konkoni kuziba nafasi, haikuwezekana, hakumaliza hata msimu. Kwa hiyo na sisi tunakosea. Kilichotuokoa ni kwamba hatukuwa tumetegemea mtu mmoja. Aziz Ki alikuwepo tangu 2022, tukaongeza Pacome na Maxi, na msimu huo Aziz Ki peke yake akafunga mabao 21 ya ligi akiwa kiungo. Tukacheza robo fainali ya Mabingwa na Mamelodi, dakika zote 180 hakuna aliyefunga, wakatutoa kwa penalti.

Nikuambie ninachokiona mimi kutoka upande huu. Kwetu mtu akisajiliwa, ukiuliza unajua uanzie kwa nani. Rais wa klabu yupo, tulimchagua 2022, anasimama mbele ya kamera na kusema huyu nilimfuata mwenyewe. Akichemka tunamzomea yeye. Kwenu mimi mtani wenu kila mwaka nasikia kamati.

MZEE WA MSIMBAZI, MWANZA

Vijana wangu, shikamooni mnazopeana humu ni chache lakini mjadala ni mzuri. Mimi niliishuhudia fainali ya Kombe la CAF 1993 tulipotoka suluhu Abidjan na Stella, tukaja kufungwa 2-0 nyumbani. Ile timu ilikuwa ya vijana wa hapa hapa. Sikumbuki hata siku moja tuliyobishana nani kamsajili nani.

Wewe mleta mada unasema kuuza hakuna ubaya. Mwanangu, kuuza kuna ubaya kama fedha haionekani. Mwaka 2013 tulimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha haikuja. Tukaishia kulalamika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi mwenyewe tukamwona amevaa kijani na njano ya Yanga. Tulikosa mchezaji, tukakosa fedha, tukapata aibu juu yake. Tangu siku ile, nikisikia nyota ameuzwa, swali langu la kwanza ni lile la mtu aliyeuza ng'ombe wa nyumbani: fedha iko wapi, na imenunua nini? Mjibuni hilo mzee wenu kabla hamjaniletea habari za wachoraji wa timu.

DADA WA MBAGALA, MWANACHAMA HAI

Shikamoo mzee. Nakuunga mkono, na naongeza. Tulikubaliana mfumo mpya: mwekezaji asilimia 49 kwa ahadi ya bilioni 20, sisi wanachama asilimia 51. Tuliambiwa sisi ndio wenye nyingi. Basi mwenye nyingi aonyeshwe hesabu ya mauzo na manunuzi ya wachezaji kwenye mkutano mkuu, jina kwa jina. Sidai kuonyeshwa mshahara wa mtu. Nadai kujua kwamba aliuzwa fulani kwa kiasi fulani, kikanunua fulani na fulani.

Na jambo jingine ambalo wanaume hapa mnaliruka. Mchezaji naye ni mfanyakazi. Suala la Feisal Salum wa Yanga lilianza Desemba 2022 na likasumbua nusu mwaka, kijana anasema ameuvunja mkataba, klabu inasema ni wetu, shirikisho la soka nchini, TFF, linasema ni wa Yanga, mpaka Rais wa nchi akaliongelea ndipo likaisha akaenda Azam. Katikati ya hayo kijana hakucheza. Sisi mashabiki tulikuwa tunamtukana au kumtetea kulingana na rangi ya jezi tu. Klabu inayotaka makubwa ianze kwa kuandika mikataba inayoeleweka na anayeisaini.

MLETA MADA

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Mtani wa Tandika, umenibana na nakubali: idadi ya makocha peke yake haielezi kila kitu. Lakini umenijibu bila kukusudia. Mlipobadili makocha watatu, Diarra na Pacome na Maxi walibaki na waliendelea kufaa, kwa sababu aliyewasajili hakuwasajili kwa ajili ya Gamondi tu. Aliwasajili kwa ajili ya Yanga. Ndicho ninachokililia.

Mzee, kuhusu fedha ya ng'ombe sina jibu, na dada wa Mbagala amelisema vizuri kuliko mimi. Hilo nalichukua, linaingia kwenye hoja yangu.

Niseme pia la haki. Mwaka 2024 tulijaribu kitu tofauti. Tuliwaaga wengi waliochoka, akaja Fadlu Davids, wakaja vijana: Moussa Camara golini, Debora Mavambo, Steven Mukwala, Jean Charles Ahoua, baadaye Elie Mpanzu. Wengi hatukuwajua. Nakiri kwamba Agosti ile niliona tumekwisha. Mei 2025 tulikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho na Berkane. Tulipoteza 2-0 kwao, tukatoka 1-1 Zanzibar, na pale Uwanja wa Amaan sikumwona shabiki wa Simba aliyeondoka akiwalaumu wale vijana. Ahoua akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Kwa mara ya kwanza tangu 2021 niliona timu yenye wachezaji waliochaguliwa kwenda pamoja.

Kisha Septemba 2025, msimu ukiwa ndio kwanza unaanza, Fadlu akaondoka kwenda Raja Casablanca. Simlaumu, ni yale yale ya Miquissone. Ila nataka kujua, na naomba yeyote aliye karibu na uongozi atujibu hapa: kocha akiondoka, orodha ya wachezaji wa kufuatiliwa kwa dirisha linalofuata inabaki mezani kwa nani? Mtaje kwa jina. Dirisha likifungwa tutajua wa kumpongeza au wa kumuuliza.