Kwa nini sumaku za LHC hupozwa hadi kelvini 1.9?

Mwanafunzi_Fizikia: Naomba ufafanuzi. Katika kanieneo ya angahewa heliamu huchemka kwenye kelvini 4.2, na mashine nyingi za MRI (za kupiga picha za ndani ya mwili) huridhika na halijoto hiyo. Kwa nini basi CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, huzipoza sumaku za LHC, mashine yake ya kugonganisha protoni, hadi kelvini 1.9 (takriban nyuzi −271 za Selsiasi), ilhali waya wake wa niobiamu na titani hupoteza ukinzani wa umeme tangu kelvini 9.2?

Fundi_Baridi: Hizo 9.2 ni za waya usiopitishiwa mkondo wala kuwekwa ndani ya uga wa sumaku. Vyote viwili vikiongezeka, kikomo hushuka. Sumaku 1,232 zinazopinda njia ya protoni zilisanifiwa kutoa uga wa tesla 8.3 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku), na kushuka kutoka 4.2 hadi 1.9 huuwezesha waya uleule kuhimili takriban tesla 3 zaidi. Handaki la kilomita 27 lilikuwa limekwisha kuchimbwa kwa ajili ya mashine iliyotangulia, kwa hiyo nishati ya ziada ya protoni ingetokana na uga mkali zaidi tu.

Msomaji_wa_Usiku: Ni sahihi, ila kwa maoni yangu utamu wenyewe uko kwingine. Chini ya kelvini 2.17 heliamu hugeuka kimiminika ambacho mnato wake hukaribia kutoweka, tabia iliyotangazwa mwaka 1938 na Pyotr Kapitsa na, katika utafiti tofauti, John Allen na Don Misener. Kimiminika hicho hupenya kihami hadi katikati ya nyuzi za kebo, tena husafirisha joto upesi kiasi kwamba hakitoi mapovu. Metali iliyo baridi hivyo haina karibu uwezo wowote wa kuhifadhi joto, hivyo joto dogo tu huipandisha halijoto sana. Waya ukisogea kidogo tu, msuguano unaweza kuipandisha halijoto hadi ukinzani urejee. Heliamu iliyojipenyeza humo ndiyo inayolimeza joto hilo.

Mhandisi_Mstaafu: Usafirishaji huo wa joto nao una kikomo, na baridi hiyo ina gharama: hata mashine kamilifu isiyopoteza chochote ingehitaji zaidi ya wati 150 za kazi ili kuondoa wati moja kwenye kelvini 1.9, na mitambo halisi huhitaji mara kadhaa ya hapo. Sumaku huzama katika heliamu tulivu yenye kanieneo ya angahewa, na joto lake huchukuliwa na heliamu nyingine inayovukizwa bombani kwa kanieneo ndogo sana, takriban milibari 16. Njia ya heliamu yenye kanieneo ilikuwa imekwisha kutumiwa Ufaransa katika Tore Supra, mashine ya utafiti wa muungano wa nyuklia iliyoanza kazi mwaka 1988. Faida yake ni kwamba hewa ya nje haifyonzwi kuingia kwenye chombo kikuu, na heliamu hiyo huhami umeme vizuri zaidi kuliko mvuke hafifu.