Pedi mpya zimebana, diski haipiti

Mteremko: Wakuu, nimetoa pedi zilizolika kwenye breki ya mbele ya baiskeli yangu ya milimani, breki ya haidroliki. Mpya zimekaa vizuri pamoja na springi yake, ila gurudumu halirudi. Diski haipenyi katikati. Nizisugue zipungue?

Fundi Spoki: Usisugue kitu! Pedi zikilika, pistoni, yaani vile vidude vinavyosukuma pedi, husogea nje kufidia, na hazirudi zenyewe. Toa hizo mpya, rudisha za zamani kwa muda, kisha ingiza kile kiplastiki cha kutolea tairi katikati, usukume taratibu mpaka pistoni zizame. Za zamani ni ngao tu. Kuna pistoni za kauri, bisibisi ikizigusa zinameguka. Na gurudumu likiwa nje, mkono wa breki usiuguse. Watu hupenda kuuchezea, sijui kwa nini.

Mteremko: Imeingia, shukrani. Sasa inakwaruza nikizungusha.

Fundi Spoki: Legeza boliti mbili za kalipa, ile nyumba ya pedi na pistoni, kamata breki, kaza ukiwa bado umeikamata. Ikigoma, chungulia mpaka uone mwanga pande zote mbili za diski, usogeze kalipa kwa mkono.

Baba Gia: Pima unene wa diski pia. Za Shimano huanza na milimita 1.8, ikifika 1.5 ni ya kutupa.

Fundi Spoki: Naam. Halafu mlima uache kwanza, pedi mpya zizoeane na diski. Tafuta tambarare, kimbiza, kamata breki kwa nguvu bila kufunga gurudumu, rudia kama mara 20. Mwanzoni zitashika kivivu, usishtuke. Na vidole vya mafuta mbali na pedi!